Kifaa cha Wiki

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama pia, yeye na meno yake mapya. Nimesikia kwamba anayavua akila na kuyavaa akipiga soga. Mwambie daktari alikusudia kinyume chake. Mimi sijambo. Nimehamia chumba chenye dirisha la pili, ingawa hilo la pili linatazama ukuta.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kwenye kifurushi hiki utakuta kicheza muziki, vile vya kidijitali vya siku hizi, kidogo kuliko kiberiti. Kinabeba nyimbo mia mbili. Nimekujazia za zamani unazozipenda na za sasa chache ambazo najua utazitukana. Ni zawadi, lakini ina kazi ndani yake. Safu yangu ya "Kifaa cha Wiki" inakua. Mhariri amenipa robo ukurasa na picha, na vifaa vinaletwa ofisini kwa mafungu. Mimi nina mikutano, sina nafasi ya kuvijaribu vyote. Nikajiuliza: ni nani ninayemjua anayesimama kutwa nzima kwenye mvuke na kelele, na ambaye hajasifia kitu chochote tangu nizaliwe?

Kitumie wiki mbili hapo kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kisha uniandikie ulichokiona. Usinipigie simu. Kwenye simu unanigombeza, nami nasahau kuandika.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ni mzima na anasema meno ni yake, atayavaa anapotaka. Paa la jikoni limeanza tena kuvuja, pale pale ulipoliziba wewe mwaka juzi kwa ufundi wako.

Kifaa nimekitumia wiki mbili kamili, zamu zote. Sikiliza.

Ukubwa. Kweli ni kidogo. Ni kidogo kiasi kwamba siku ya pili nilikikuta kwenye rundo la magauni ya wodi ya wazazi, Mrefu akiwa ameshashika mlango wa mashine kuufunga. Mrefu ni yule mwenzangu wa meza ya pasi iliyo jirani na yangu, nimeshawahi kukutajia. Kitu cha kusikilizia muziki kisiwe kitu cha kutafutwa kutwa.

Kitufe. Kipo kimoja, kina kazi tano. Ukikibonyeza kinaimba, ukibonyeza mara mbili kinaruka wimbo, mara tatu kinarudi nyuma, ukikishikilia kinazima, ukikishikilia zaidi kidogo kinafuta. Nimefuta nyimbo kumi na moja bila kukusudia, ukiwemo ule uliopigwa kwenye harusi yangu, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kimeifanya vizuri.

Sauti. Nyembamba, kama mwimbaji amebanwa na mlango na anaimba ili mtu aje amfungulie. Ngoma zimegeuka vijiko.

Waya za masikioni. Ya kushoto inachomoka kila ninapoinama, na kazi yangu mimi ni kuinama.

Kioo. Ukubwa wa ukucha. Jina la wimbo linapita mbio kama mtu anayetoroka zamu.

Betri. Boksi linasema saa kumi na mbili. Nimehesabu tatu na nusu. Hizo nyingine labda zimebaki dukani.

Na hili lisome mara mbili. Kinapata moto. Nimefanya kazi na pasi za mvuke miaka kumi na tisa, joto nalijua. Kikichajiwa, au kikiimba muda mrefu, mgongo wake unakuwa kama pasi iliyosahauliwa juu ya meza. Alhamisi nilikiweka mfukoni, na nilipovua aproni nikakuta kimenibabua nyonga, alama nyekundu saizi yake ile ile. Hilo liandike hata kama mengine utayaacha.

Kwa jumla: mtu akikupa bure, mshukuru. Akikuuzia, mrudishie.

Dada yako


8 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama hajambo. Paa nitalishughulikia nikija, safari hii kwa vifaa vinavyostahili.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha gazeti. Utaona nimetumia karibu kila ulichoniambia. Nimeyasawazisha kidogo, maana lugha ya gazeti si lugha ya chumba cha kufulia. Imepokewa vizuri kuliko safu zote nilizowahi kuandika. Mwenye duka linaloviingiza amechukua tangazo la nusu ukurasa kwa miezi sita, na Mhariri alinishika bega mbele ya watu. Mwenye duka amenialika nyumbani kwake mara mbili sasa. Ni mtu muungwana sana. Binti yake pia ni muungwana. Anakusalimu.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ana mafua, ila anapiga chafya kwa uangalifu ili meno yasiruke.

Nimesoma ulichosawazisha. Mimi niliandika sauti ni ya mtu aliyebanwa na mlango. Wewe umeandika, "Sauti nyepesi isiyomwelemea msikilizaji." Kitufe kimoja chenye kazi tano kimekuwa "urahisi wa kidole kimoja." Betri ya saa tatu na nusu, eti "kinakukumbusha kupumzika." Kioo cha ukucha "hakichoshi macho." Halafu tukafika kwenye moto: "Mwili wake wa chuma hukupa joto la kufariji." Nyonga yangu haijawahi kufarijiwa namna hii, na bado ina alama.

Nilicheka, sikatai. Nilicheka mpaka Msimamizi akaja kuuliza kama mvuke umenipanda kichwani. Hicho kipande kimebandikwa ukutani, juu ya mashine ya kukaushia, na picha yako umeshika kidevu kama mtu anayefikiri. Watu wanakisoma wakisubiri mzigo. Wenzangu watano wameshanunua. Mrefu amemnunulia mume wake. Yule bwana alikuwa fundi wa mapaa, miaka miwili iliyopita akaanguka kutoka juu, na tangu siku hiyo hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Yuko kitandani kutwa, na redio yao imekufa. Anasema nyimbo zinamsogezea siku.

Nina swali moja. Tangu lini kifaa kikawa na binti?

Dada yako


15 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mafua. Hapa kuna joto na kazi ni nyingi.

Nimefurahi sana kuhusu wenzako watano. Nilimweleza mwenye duka, naye akamweleza kila aliyekuwa mezani. Anasema watu wa kazi za mikono ndio soko lenyewe. Kuhusu lile swali lako, nitalijibu siku tukionana, maana mambo mengine hayakai vizuri kwenye karatasi. Mwambie tu Mama aanze kutafuta nguo nzuri, lakini usimwambie ya nini.

Wiki ijayo nitakutumia mashine ya kunyolea. Najua hunyoi ndevu. Mtafute mtu.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Mashine ya kunyolea imefika, sijaifungua.

Jumatano saa tisa alasiri mume wa Mrefu alikuwa kitandani peke yake, kile kidude kikiwa ubavuni, kimechomekwa kwenye umeme huku kinaimba, kama boksi linavyosema kinaweza. Kiliteleza kikaingia chini ya shuka, kikakaa juu ya paja. Yeye akaendelea kusikiliza. Kama ni wewe au mimi tungeruka. Yeye paja lake halimwambii kitu. Alisikia harufu, akadhani jirani ameunguza chakula, hata akamtania kupitia dirishani. Jirani akamjibu hajapika. Ndipo alipofunua shuka.

Betri ilikuwa imevimba na kupasuka. Jirani alivunja kitasa cha mlango akaingia na ndoo. Godoro limetoboka, na paja limeungua hadi daktari akazungumza habari ya kutoa ngozi sehemu nyingine waje kuibandika pale. Yuko kwenye wodi ya juu yetu. Mashuka yake yanashuka kwetu kila asubuhi, na Mrefu anayafua yeye mwenyewe, hataki mtu mwingine ayaguse.

Sitaki unijibu mimi. Nataka uandike gazetini, palepale ulipoandika yale mengine, kwamba kifaa hiki kinaungua na watu wakiache. Fanya wiki hii.

Dada yako


14 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinikuta katika siku ngumu za kazi, kisha nikasafiri, kisha nikawa naanza kuandika na kuacha.

Nimesikitika sana juu ya mume wa mwenzako. Mfikishieni pole yangu. Nililipeleka suala lile kwa mwenye duka, naye akalichukulia kwa uzito wote. Wataalamu wake wanasema kifaa kilifunikwa wakati kinachajiwa, na maelekezo, ukurasa wa nne, yanakataza jambo hilo. Yaani si kosa la kifaa hasa. Hata hivyo, kwa moyo wa huruma, ametoa kifaa kipya cha toleo la pili umpelekee mgonjwa. Kimo humu.

Ya gazetini, dada, si rahisi unavyodhani. Tangazo lina mkataba. Na kuna hili ambalo nilipaswa kukuambia mapema: tarehe ishirini Septemba namwoa binti wa mwenye duka. Ni msichana mwenye akili, anasimamia vitabu vya duka la baba yake, na ananicheka kama unavyonicheka wewe. Utampenda. Nakuomba uje na Mama, na nakuomba siku hiyo, mbele ya wakwe, jambo hili lisitajwe.

Mdogo wako


23 Juni

Mdogo wangu,

Hongera ya uchumba. Mama amelia, akacheka, akatoa meno akalia vizuri zaidi. Sijamwambia ni binti wa nani.

Kifaa cha toleo la pili nakurudishia. Nilimpelekea Mrefu kama ulivyoagiza. Alikitazama kikiwa ndani ya boksi, akaniuliza, "Hiki nikifanye nini?" Kama wewe una jibu, mwandikie.

Maelekezo ya ukurasa wa nne nimeyatafuta. Yapo kwa lugha tatu, na hakuna hata moja tunayoizungumza huku. Sasa mtu aliyelala miaka miwili amelaumiwa kwa kukaa chini ya shuka. Wataalamu hao nao wanalala juu ya nini?

Jumapili nilipanda wodini kumwona. Ni mtu mcheshi, hata sasa. Aliniomba nimsomee ile safu yako, maana aliisikia tu ikitajwa. Nilimsomea yote. Nilipofika kwenye joto la kufariji alicheka, halafu akauliza, "Huyu bwana alikitumia mwenyewe?"

Nikamwambia sijui. Nimeshadanganya mara moja kwa ajili yako mbele ya mtu aliyeungua. Usitegemee ya pili. Na kwenye harusi yako sitafunga mdomo, kwa hiyo amua kama unataka nije.

Dada yako


30 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sitasalimia kwa urefu.

Nilipopokea barua yako niliiweka kwenye droo pamoja na kile kifaa ulichorudisha. Kilikaa humo siku ishirini. Siku ya ishirini na moja, asubuhi, nilikitoa nikakichomeka kwenye umeme hapo mezani kwangu, juu ya rundo la magazeti, nikakiwasha kiimbe. Dada, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiwasha. Yote niliyoandika niliyaandika kutoka kwenye barua yako na kwenye boksi.

Yote uliyosema ni kweli. Sauti ni ya mlangoni. Baada ya saa mbili na nusu nikakigusa nikatoa mkono. Nilipokiinua, ukurasa wa michezo ulikuwa umebadilika rangi kama mkate.

Mchana huo mchumba wangu alipitia ofisini tuende kula. Waya za masikioni zilikuwa zinaning'inia kutoka kwenye mkoba wake. Anacho, dada. Anatembea nacho kila siku, baba yake alimpa. Nilikichomoa mkobani mbele ya watu wote wa chumba cha habari. Akaniuliza, "Vipi?" Nikamweleza habari ya mume wa Mrefu, tangu mwanzo. Alinisikiliza bila kunikatisha. Kisha akasema, "Nilishaamua kukinunua kwa sababu ya maneno yako kabla baba hajanipa. Ulikitumia siku ngapi?" Nikamwambia hata moja. Akachukua mkoba akaondoka. Hatukula.

Mhariri wetu hasomi kurasa, anatia saini tu. Jumamosi niliipanga barua yako ya tarehe 19 Februari kwenye nafasi yangu, neno kwa neno, na chini yake mistari sita: kwamba dada yangu ndiye aliyekijaribu, kwamba mimi sikukigusa na niligeuza maneno yake, kwamba mtu ameungua, na kwamba mwenye nacho akirudishe. Nakala iko ndani ya bahasha hii.

Jumatatu safu yangu ilifutwa. Sasa naandika matangazo ya vitu vilivyopotea. Jana niliandika kuhusu mwavuli. Mwenye duka alinipigia simu, alizungumza yeye tu, kisha akakata. Lakini nasikia binti yake alitoa meza akaiweka mbele ya mlango wa duka, akakaa hapo siku tatu akivipokea vifaa kutoka kwa watu, kimoja kimoja, akiandika majina. Vimerudi zaidi ya tisini. Kimoja kilikuwa kimeshatoboa mfuko wa koti. Baba yake hasemi naye, na yeye hasemi nami. Tarehe ishirini Septemba hakuna harusi. Itakuwepo siku nyingine au haitakuwepo, sijui.

Mdogo wako


11 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama nimemweleza yote. Akauliza kama sasa unakula vizuri.

Gazeti nimeliona kabla ya bahasha yako kufika. Umechapisha barua yangu bila kuniomba, na hukufuta hata ile habari ya wimbo wa harusi. Aliyekuwa mume wangu amenunua nakala mbili, na anauliza watu mtaani kama ni yeye.

Umefanya lililopasa. Nalisema mara moja tu. Ila nimehesabu tarehe. Paja la mume wa Mrefu liliungua mwishoni mwa Aprili. Ulikaa wiki sita ukitafuta maneno, na wiki nyingine sita ukitafuta ujasiri, ukaupata siku ulipoona mkoba wa mchumba. Mtu usiyemjua aliungua hadi nyama, ukaona ni suala la ukurasa wa nne. Mkoba haujaungua hata uzi, ukaona ni moto. Huyo msichana kama ana akili unavyosema, hilo naye amelihesabu.

Yule bwana ametoka wodini wiki iliyopita. Ngozi imeshika. Gazeti amesomewa, si na mimi. Mistari sita inatosha kwa wasomaji, kwake haitoshi. Njoo umwambie ukiwa umesimama mbele yake. Nyumba yao ni ya tatu baada ya kiwanda cha matofali, yenye mlango wa bluu na kitasa kipya.

Dada yako


2 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama.

Nilikuja. Nilikuja Jumanne ukiwa kazini na nikarudi siku hiyo hiyo. Sikupita kwako, na nitakueleza kwa nini.

Mume wa Mrefu alinikaribisha kama mgeni wa heshima. Nilisimama kama ulivyosema. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika, na kwamba sikukitumia, na kwamba nilikuwa nimeonywa. Aliniacha nikamaliza. Akasema, "Kaa. Mimi mtu akisimama namna hiyo namwona kama yuko juu ya paa." Nikakaa. Akanionyesha paja. Hakunionyesha kwa ubaya, alifunua tu shuka kama mtu anayekuonyesha kazi ya fundi mwingine. Kisha akaniuliza, "Maneno kama yale mnayatoa wapi? Mimi nikiezeka paa likivuja, siwezi kumwambia mwenye nyumba nimemletea mvua ya kufariji." Aliongea nami saa nzima, zaidi kuhusu mapaa. Hajaniambia amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Mrefu alifika nikiwa natoka. Alikuwa na ruhusa ya nusu siku. Tulisimama mlangoni. Nikaanza kumwomba radhi kwa yale niliyoandika, akanikatisha. Alisema, "Mimi sikununua kwa sababu ya gazeti. Mimi kusoma kwenyewe nasoma kwa shida. Nilimuuliza dada yako. Nilimuuliza, wewe umekitumia, kinafaa? Akaniambia, ndugu yangu hawezi kuandika uongo."

Nikamuuliza kama ana hakika. Alinitazama mpaka nikaona aibu ya kuuliza. Akasema, "Namsubiri aniambie mwenyewe. Miezi minne sasa namsubiri."

Ndiyo maana sikupita. Niliogopa ningefika nikusikie unanigombeza, nami ningekujibu.

Sikuandikii haya ili tulingane. Hatulingani, mimi ndiye niliyeandika. Lakini nimesafiri saa tano nikizirudia barua zako zote kichwani, na makali yake, na sasa sijui nusu yake yalikuwa yananiendea mimi au yalikuwa yanakwenda wapi.

Mdogo wako


16 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ni mzima.

Ni kweli.

Nilikuandikia kwamba kipande cha gazeti kimebandikwa ukutani. Nilikibandika mimi. Nilikichemshia wanga wa kukazia mashati, nikakipaka kwa kidole, nikapanda kwenye kiti ili kikae juu watu wakione. Miaka kumi na tisa nimo ndani ya chumba hiki. Hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje kuhusu kitu chochote, hata sabuni. Halafu nikaona gazetini maneno yangu. Yamegeuzwa ndani nje kama soksi, lakini niliyatambua, moja moja, na picha ya ndugu yangu juu yake. Nilijiona mtu. Wenzangu wakasema, kumbe ninyi mna mwandishi. Nikasema ndiyo.

Siku Mrefu aliponiuliza, tulikuwa tunasubiri mzigo wa pili. Aliniuliza hivyo hivyo alivyokuambia. Alama ya kile kidude ilikuwa bado iko kwenye nyonga yangu, chini ya aproni, inawasha. Ningefunua tu. Nikaona nikisema kibaya, gazeti litakuwa la uongo, na wewe utakuwa mwongo, na mimi nitakuwa tena mfua nguo ambaye hana ndugu wa maana. Kwa hiyo nikasema nilichosema. Wale wengine wanne walikuwa wanasikiliza.

Baada ya hapo kila nilipokugombeza nilijisikia nafuu kidogo. Ulikuwa na makosa ya kutosha kwa wote wawili.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumatatu asubuhi nilimfuata Mrefu mezani kwake kabla mashine hazijawashwa, kwa kuwa zikiwaka mtu hasikiki. Nilimwambia nilijua. Nilimwambia kuhusu alama. Nikafunua aproni, ingawa sasa hakuna cha kuonyesha, ngozi imepona. Alitazama pale nilipoonyesha kana kwamba anaona kitu.

Akauliza, "Mwezi wa pili ulikuwa unajua?"

Nikasema, mwezi wa pili.

Akasema, "Mimi nikaenda nikampelekea nikicheka."

Akawasha mashine yake. Siku ile hakusema nami tena, na siku ya pili vilevile. Wale wanne nao niliwaambia, kila mmoja peke yake. Mmoja amehamisha vitu vyake kwenye kabati la mbali. Nilikibandua kile kipande ukutani, na wanga ulikuwa umeshika hivi kwamba rangi ya ukuta imetoka nacho.

Mashuka makubwa ya wodi hayakunjiki na mtu mmoja, ni mazito na marefu. Miaka yote Mrefu na mimi tumekunja pamoja. Wiki nzima hii alikuwa anakunja na yule mgeni wa zamu ya asubuhi, nami nakunja foronya. Jana mgeni hakuja. Mzigo ukatoka, mashuka yakarundikana mezani yakiwa ya moto. Mrefu alishika la kwanza, akalitikisa, akajaribu kulikunja kwa kidevu, likamshinda. Nilibaki nimesimama kwangu. Sikutaka kusogea bila kuitwa.

Akanitazama juu ya lile shuka. Akasema, "Shika ncha hiyo."

Nikashika.

Dada yako